Jina Langu Bado Nalitumia

Waithaka, Nairobi
Jumatatu, 29 Julai 2002

Mama,

Jackie amempaka mtoto mafuta ya kupikia kwenye paji la uso sasa hivi, nikiwa nimegeuka tu kuangalia maharagwe. Nikasikia "Pokeaaa!" vile Pasta Zedekiah hupaza sauti Jumapili. Kugeuka, mtoto anang'aa kama mandazi. Nikamuuliza, "Wewe Jackie, nani amekutuma?" Ananijibu, "Nimembariki, Mama. Jumapili iko mbali." Nilitaka kumchapa nikashindwa kwa kicheko. Ukiona doa hapo pembeni mwa karatasi usiseme ni uchafu wangu. Ni upako.

Natumaini wewe na Baba mko salama. Miguu imepungua kuvimba? Caren aliniandikia kwamba unajikokota. Caren dada yangu, ukimsomea Mama usiruke hapa, nimeuliza miguu.

Sisi tuko wazima kwa neema. Mtoto ameanza kujaza mashavu. Unajua alivyotoka hospitali, nilikuwa naogopa hata kumwogesha, naona atateleza kama kipande cha sabuni. Na maziwa yalikuwa yamekataa kabisa. Nesi mmoja pale alinikalisha akasema, "Mama Jackie, maziwa hutoka kwa titi lakini huanzia moyoni. Usilie, usiwaze sana, kunywa uji." Basi nakunywa uji hadi naota uji. Na yamekuja, Mama! Naamka nguo imelowa, nasema asante Yesu.

Jumapili hii ndiyo siku yetu. Pasta atambariki mtoto mbele ya kanisa, halafu watu waje hapa kwetu. Mama Haron, mkwe wangu, ndiye mkubwa wa mambo. Ameshatoa amri: mukimo atapika yeye, mimi nisikaribie jiko. Wanawake wa kanisa wataleta kuni, unga na sukari, ndivyo wanavyomfanyia mama aliyejifungua huku, wanaingia wakiimba na mizigo mgongoni. Mimi nimebakiziwa chapati na kushona vitambaa vya viti. Nimeshona maua ya waridi. Moja limetoka kama kabichi, nitaligeuzia ukutani.

Sasa, lile jambo. Usikasirike kwanza.

Unajua kwa kina Haron msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba, ndiyo maana Jackie wetu ni Waceke. Wa pili huchukua jina la mama ya mama. Kwa hivyo huyu ni wako. Hakuna mtu hata anauliza, wanangoja tu Pasta aseme "Nanjala". Mama Haron anamwita hivyo mbele ya majirani, mimi nanyamaza.

Najua kwetu si hivyo. Kwetu jina la mtu hupewa mtoto baada ya mwenye jina kufa, na kulitoa akiwa hai ni kama kumchimbia shimo. Nakumbuka mtoto wa Caren alipozaliwa, mlivyokaa mkiita majina ya waliokufa, moja baada ya lingine, mtoto analia tu, hadi mkafika kwa dada yako akanyamaza kimya. Mkasema limempata.

Lakini Mama, si tumeokoka? Huku mjukuu hupewa jina la nyanya, na siku hiyo nyanya anacheza, na bado anaishi hadi meno yanaisha. Mimi niko mbali. Hapa hakuna mtu anaitwa Nanjala. Nataka siku nikisimama mlangoni nikiita mtoto wangu, jina lako lisikike katika hii Waithaka.

Bila ruhusa yako sitamwita. Nimemwambia Haron hivyo. Na nataka uje. Tangu nijifungue sijaona mtu wa kwetu.

Haron anapeleka barua za ofisi yao ya Upper Hill hadi mjini, atapitisha hii kwa ofisi ya basi. Kesho utakuwa nayo. Nijibu na basi hiyo hiyo.

Binti yako,
Emmah

*

Kimilili
Jumanne, 30 Julai 2002

Emmah mwanangu,

Anayeandika ni Caren, anayesema ni mimi. Nimemwambia aandike vile natamka, asinipambe. (Dada, sijaongeza kitu. C.)

Barua imefika na mafuta yake. Nimeinusa. Huyo Jackie atakuwa mhubiri au mwizi wa mafuta.

Miguu bado ni yangu, inanibeba. Kifua kinabana kidogo nikitoka kisimani, nikikaa kinaachilia.

Sasa wewe. Unataka kunizika na bado natembea? Baba yako amesikia akacheka hadi chai ikamtoka puani. Anasema, "Mama Caren, umeombwa jina kama mtu anavyoombwa sufuria." Nimemwambia sufuria hurudishwa. Jina langu bado nalitumia. Naitwa nalo sokoni, naitwa nalo kanisani, naitika. Mtoto nimpe, halafu mtu akiita Nanjala aitike nani?

Na usinihubirie wokovu, wangu ni mzee kuliko wewe. Si uoga. Ni watu. Mtu huku akisikia Emmah ana mtoto anaitwa Nanjala, atauliza nini? Atauliza, "Kumbe Milcah alikufa lini?" Watakuja hapa na kuku wa matanga, wanalia kuanzia barabarani, na mimi niko mlangoni napukuchua mahindi. Nitawaambia nini? Karibuni marehemu awapikie chai?

Lakini nakuja. Hilo sijalikataa. Nitapanda basi Ijumaa. Nimbebe huyo mtoto mwenyewe, nimtazame uso, nikiona ana kitu changu labda tutazungumza. Labda. Usimpelekee Mama Haron hilo neno aanze vigelegele. Kwa sasa mwite jina la kushikilia. Caren anasema Anita ni zuri.

Nitakuja na mahindi mabichi, na kuku mmoja mwekundu. Mwambie Jackie kuku hapakwi mafuta. Ile sweta nyekundu uliyoniletea Krismasi ninayo mwilini sasa hivi. Caren anataka kuifua, tunapigana. Siivui. Mtanitambua nayo hata nikishuka katikati ya watu mia.

Kunywa uji.

Mama yako,
Milcah Nanjala, mwenye jina

*

Waithaka
Jumatano, 31 Julai 2002

Mama mwenye jina,

Nimemsomea Haron pale pa kuku wa matanga, akacheka hadi akashika ukuta. Mama Haron naye akasema, "Mwambie Milcah huku sisi hatufi kwa sababu ya jina, tunakufa tukichoka." Neno "labda" sikumwambia. Nimelificha. Naliombea asubuhi na jioni, hiyo labda yako.

Nakutayarishia mahali. Utalala kitanda chetu na mimi na mtoto. Haron na Jackie watalala kwa godoro chini, Haron anasema mgongo wake ni wa serikali, haulalamiki. Pazia nimefua lakini na hii baridi ya huku haikukauka. Nimeipiga pasi ya makaa ikiwa bado na maji, nyumba nzima ikajaa mvuke, Jackie akasema tuko mbinguni.

Keki anaoka jirani yetu Nthiwa. Huweka sufuria ndani ya sufuria yenye mchanga na makaa juu ya kifuniko, na inatoka kama ya dukani. Ataandika juu kwa sukari. Leo ameniuliza, "Mama Jackie, niandike jina gani?" Nimemwambia acha nafasi.

Mtoto ana kidevu chako. Sisemi hivyo kukubembeleza. Akinyonya anakunja uso vile wewe hukunja ukipima unga sokoni, kama anayesema mmenipunja.

Mama, kuna kitu sikuandika Jumatatu. Siku ile niliporudi kutoka hospitali, watu wote wa Haron walikuja, wakanifanyia vizuri, wakaniogesha, wakanipikia maharagwe yao ya njahi. Mimi nilikuwa nageuka kila mlango ukilia. Najua ni mbali, najua ni miguu. Lakini ukifika Jumamosi asubuhi, kabla hujambeba mtoto, nibebe mimi kidogo.

Safiri salama. Haron atakungoja pale basi inaposimama.

Emmah wako

*

Kimilili
Alhamisi, 1 Agosti 2002

Dada yangu Emmah,

Mtoto aitwe Nanjala.

Mwite hivyo Jumapili mbele ya kanisa, usiogope. Baba amekubali, wazee wamekubali. Mama haji Ijumaa.

Wewe ni wa nyumba hii, umeelewa. Kaa karibu na Haron. Usiache kunywa uji.

Caren

*

Kimilili
Alhamisi, 1 Agosti 2002

Mulamwa Haron, shemeji yangu,

Hii isome peke yako hapo mjini. Ile nyingine mpe Emmah mkononi ukiwa umefika nyumbani, usiitume na mtu.

Mama ametuacha leo asubuhi. Aliamka vizuri, akasema nimsaidie kuchagua kuku wa kuja naye, nikamwambia kesho. Akasema kesho ni ya safari. Nilikuwa nakamua ng'ombe nikasikia ananiita, si kwa nguvu, kama mtu anayetaka kuletewa maji. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni, mkono kifuani. Alikuwa ameshamfunga kuku miguu. Nilimshika. Hakusema kitu kingine.

Nimejaribu simu ya sokoni haipiti, ndiyo maana naandika. Tutamzika Jumamosi.

Baba hataki Emmah aambiwe kifo cha mama yake kwa karatasi, naye ananyonyesha mtoto ambaye juzi tu alikuwa kwenye mashine hospitalini. Na kuna hili: kwetu mtoto ambaye hajapewa jina hapelekwi matangani. Lakini sikuweza kukaa bila kumwambia, mulamwa. Kwa hivyo nimemwandikia kuhusu jina. Nimeandika mtoto aitwe Nanjala, basi. Mtu wa kwetu akisoma hivyo haongezewi neno. Ataketi chini. Wewe uwe hapo akiketi.

Akishajua, akisema anakuja kumzika mama yake, mwite Pasta ampe mtoto jina hapo nyumbani hiyo Ijumaa, mpande basi wote. Baba hatamrudisha. Na akibaki, mimi nitapanda basi Jumamosi tukishamaliza, nije nikae naye.

Mshike vizuri.

Caren

*

Waithaka
Ijumaa, 2 Agosti 2002

Mama! Mama! Mama!

Haron amerudi mapema leo, mkono baridi kama bomba la maji. Kabla hajanipa barua anasema, "Keti chini." Nikamwambia nimekaa nikishona siku nzima, acha nisimame. Nikafungua. Nikasoma, nikarudia. Nilipiga kelele hadi Nthiwa akaja mbio na mwiko mkononi akidhani nyumba imeshika moto.

Umekubali! Nilijua utakubali lakini si hivi haraka! Na ni Baba pia, na wazee. Kumbe mmekaa kikao juu ya mtoto wangu! Sasa hakuna wa kukuletea kuku wa matanga, wazee wenyewe wamefungua njia. Caren naye anaandika kama polisi, maneno matatu na muhuri. Hata hakuniambia ulisema nini, ulicheka au ulinuna. Caren, wewe!

Pale pa kutokuja ndipo nimelia kidogo. Ni miguu, sivyo? Najua hukutaka Caren aandike, unajificha. Niliwaza hivi: Mama amenipa kubwa, kama ameshikilia dogo nisilalamike. Krismasi Haron atakuja kukuchukua mwenyewe. Utamkuta Nanjala anakaa bila kuegemezwa.

Hawa watu wa Haron sikujua jina lako litawagusa hivi. Haron ameniuliza, "Emmah, umeisoma vizuri?" Nikamwambia hata Jackie angeisoma, ni fupi. Akatoka nje, akakaa nyuma ya nyumba muda mrefu. Mama Haron alipiga kigelegele kimoja, Haron akamwita, na aliporudi alimchukua mtoto akamkumbatia bila neno. Sijawahi kumwona huyo mama bila neno.

Nthiwa ameshajaza ile nafasi. Ni herufi kubwa za sukari nyeupe, na N ya mwanzo imeinama kidogo kama mtu anayeingia nyumba ya mlango mfupi.

Asante, Mama. Nimekuita leo mara nyingi sana, nikimwita yeye.

Emmah

*

Ijumaa, 2 Agosti 2002
Mjini

Caren,

Pole. Poleni nyote. Mama alinipokea mimi mtu wa mbali kama aliyenizaa.

Nilimwambia Emmah aketi, hakuketi. Nikangoja alie. Alicheka. Alimrusha Jackie juu. Nilisimama hapo na mikono yangu, Caren, sikujua pa kuiweka.

Sisi jina la nyanya hupewa mtoto nyanya akiwa amekaa hapo mbele na kitambaa kipya. Emmah ameishi nasi tangu awe msichana mdogo, barua yako ameisoma kwa macho ya kwetu. Na sisi ndio tuliompa hayo macho.

Nilifungua mdomo. Mtoto alikuwa amenyonya hadi anakoroma, na Emmah ananiangalia anasema, "Sikia, Haron, anashiba." Nikaufunga. Nilijaribu tena, Jackie akauliza kama kuku mwekundu atakuja, Emmah akajibu, "Krismasi," na mimi nikatoka nje.

Nimemwambia mama yangu na Pasta. Pasta anasema asilale bila kujua. Mama yangu anasema neno kama hili lisitoke kwa mdomo wa mume, litoke kwa damu yake, na kwamba yule mtoto akikosa maziwa wiki hii tutakuwa na makaburi mawili. Nimemsikiliza mama yangu. Sijui kama nimefanya sawa. Kesho mkimshusha, Emmah atakuwa anasukuma chapati akiimba, na mimi nitakuwa napuliza moto nikiwa najua. Sijui atanisamehe vipi.

Barua yake ya furaha iko ndani ya bahasha hii. Ameniambia niharakishe, nisikose basi.

Njoo, Caren. Usipofika Jumapili nitamwambia mwenyewe, lakini njoo.

Haron Kuria

*

Kimilili
Jumamosi, 3 Agosti 2002

Dada,

Hii siitumi. Nitakuja nayo mfukoni, nikupe nikishakushika.

Nilidhani nimekuambia. Nilijiona mwerevu, kwamba nimekuambia bila kukuumiza, na Baba hatanilaumu. Siku mbili nimekuwa nikikuona umeketi chini unalia, na nikilia na wewe, kumbe ulikuwa unamrusha Jackie. Ulikuwa na haki ya kuwa hapa. Nimekunyima na mistari yangu ya polisi.

Barua yako imefika asubuhi hii. Watu walikuwa wameanza kukaa kwenye nyasi. Niliwaomba wanawake watoke ndani, nikakaa na Mama kabla hawajafunga sanduku, nikamsomea yote, vile huwa namsomea. Pale pa Nthiwa na mwiko nilisimama, nikangoja aseme kitu. Ni mara ya kwanza tangu nianze kumsomea barua zako, hakunikatiza.

Sasa sikiliza, hiki ndicho nakuletea. Ile barua yako ya pili, ya kidevu, ilifika Alhamisi mchana, hakuisikia. Lakini Jumatano jioni tulikuwa tunatoa mahindi maganda, akasema, "Huyo mtoto nikimwona nitampa jina. Lakini usimwambie dada yako. Acha abembeleze kidogo, napenda akibembeleza." Akacheka. Nikamwambia na watu wa matanga je? Akasema, "Watakunywa chai warudi kwao."

Kwa hivyo hukulitoa kwa marehemu, Emmah. Alikupa akiwa anapumua.

Tumemvisha nguo ya kanisa. Sweta Baba amesema ni yako, nimeivaa isipotee njiani. Sijaifua. Sina wa kupigana naye.

Caren

*

Waithaka
Jumapili, 4 Agosti 2002

Mama,

Jackie ameficha kipande cha keki ndani ya kiatu cha Haron sasa hivi. Ni kile chenye N iliyoinama. Anasema ni cha Kukhu, nyanya yake wa Kimilili, wasije wakakila. Wala hakuna aliyekuwa anakila. Leo watu wamekula keki pembeni pembeni, wakaacha jina katikati kama kisiwa.

Nimekaa mlangoni, Nanjala yuko mapajani amelala, naandikia juu ya goti. Nilikuwa ningoje kesho nimeshindwa.

Ngoja nikuambie. Mtoto alianza kulia tangu wimbo wa kwanza. Nikamnyonyesha, akakataa. Mama Haron akambeba, akakataa. Tukaitwa mbele bado analia, kanisa zima linamsikia. Pasta akamwinua akauliza, "Mtoto huyu anaitwa nani?" Baba wa mtoto ndiye hujibu. Haron akafungua mdomo, sauti haikutoka. Mwanaume mzima, Mama, machozi yanaingia kwenye kola. Basi nikasema mimi, kwa nguvu: "Nanjala!"

Akanyamaza. Pale pale. Akafumbua macho akaniangalia.

Nikasema moyoni, ungekuwepo ungesema limempata. Halafu kuna kitu kilinipita mgongoni, sijui ni kitu gani, kama baridi hii ya Agosti ikiingia chini ya mlango. Nikakiombea kikatoka. Tumeokoka, sivyo?

Hawakupiga vigelegele. Mama Haron alifumba macho. Pasta aliomba maombi marefu, Bwana mtie nguvu mama huyu, Bwana mkumbatie mama huyu, hadi nikawaza, kwani nina shida gani? Maziwa yanatiririka.

Wanawake walileta kuni na unga na sukari, wamejaza kona yote, lakini waliingia polepole wakiimba kwa pua. Chapati zangu wamezisifu, hawakuzimaliza. Hakuna aliyeniacha nishike hata kikombe. Mmoja alinishika kichwa akakiweka begani kwake, mimi nikiwa na sinia mkononi, akakaa nacho. Nikamuuliza Haron, "Watu wa kanisa letu wamechoka leo?" Akasema ndiyo, wamechoka, akaenda kuosha vyombo. Yeye! Na watu wamekula wamemaliza na hawaendi nyumbani. Wamekaa tu hapo uani kwenye vile viti vyangu, wanaangalia geti.

Lakini siku imekuwa nzuri, usifikirie vingine. Vitambaa vyote vimekaa sawa, kabichi haikuonekana. Ukija Krismasi nitasimama hapa hapa mlangoni niite Nanjala, na mtaitika wawili, yeye kwa kilio na wewe kwa kelele zako za sokoni, na ndipo nitajua

Mama, geti limefunguliwa. Kuna mtu na mkoba. Ni Caren! Caren amekuja! Mmenificha! Ndiyo maana mlikuwa mnaandika mafupi mafupi, wewe uko wapi, uko nyuma yake? Jackie amekimbia kuuliza kuku. Caren hamsalimii, amesimama tu hapo kwa geti ananiangalia, na wanawake wote wameinuka. Haron ananiita. "Emmah, weka kalamu chini. Njoo, mpenzi." Nakuja, namaliza huu mstari. Nafikiri baridi imemshika njiani maskini, amevaa ile sweta yako nyekundu, na mbona umempa, wewe hiyo sweta huwa huivui hata kwa